Haki Isipimwe kwa Gramu

Huko Florida, Marekani, sheria ya mwaka 1988 inamgharamia matunzo mtoto aliyeumia vibaya ubongo au uti wa mgongo wakati wa kuzaliwa, bila wazazi kuthibitisha kosa la daktari. Sisi tunaosoma falsafa tunaipongeza: mtoto hawezi kusubiri kesi imalizike. Lakini akizaliwa peke yake akiwa chini ya gramu 2,500, hapati. Akipooza mwili huku akili yake ikiwa salama, hapati pia. Wazazi wajaribu mahakamani. Yaani, akili timamu inamponza! Tunauliza: mpango huu unatazama mahitaji ya mtoto au vipimo vyake? Japani, iliyoanza mpango wake mwaka 2009, ilikuwa na kigezo cha uzito. Mwaka 2022 ikakifuta.