Fundi Akisema "Napiga Windows", Muulize Ufunguo Ni wa Nani



Leo tuweke pembeni hina, shela na menyu ya ukumbini. Tuna neno na nyinyi kuhusu ile kompyuta iliyoko nyumbani, na tutalisema kama lilivyo hata likichoma.

Tunawajua wanawake wa visiwa hivi. Akinunua kuku wa barafu anageuza pakiti mara tatu kutafuta muhuri wa halali. Akinunua rangi ya mdomo anauliza mafuta yake yametoka kwa mnyama gani. Siku ya sherehe ya wanawake simu zinakusanywa mlangoni, mpiga picha lazima awe mwanamke, na picha hazitoki nje ya nyumba. Halafu miezi miwili baada ya fungate laptopu inakuwa nzito, mtu anasema "Windows imechoka", na mashine yenye picha zile zile za bibi harusi kichwa wazi inatiwa kwenye mfuko na kupelekwa mjini kwa kijana ambaye hata jina la baba yake halijulikani. Neno la siri limeandikwa kwenye kijikaratasi na kubandikwa juu ya mfuniko. Inalala huko siku mbili. Inarudi na Windows mpya, na hakuna anayeuliza imetoka wapi wala nani kafungua nini.

Sitara gani hiyo?

Hatusemi mafundi wote ni wezi. Wapo vijana waaminifu, wanaoswali, na kazi yao ni ya halali kama kazi ya mshonaji. Tunachokipinga ni hii desturi ya mwanamke kutoijua kabisa kompyuta yake, akaambiwa "nimekupigia Windows" kama anavyoambiwa "nimekupigia pasi", akalipa na kuondoka. Hapo kuna mali yake, kuna siri yake, na kuna dini yake.

Tuanze na mali, maana hapa ndipo watu wanapodhulumiwa bila kujua.

Laptopu nyingi zinazouzwa mpya zikiwa na Windows, na nyingi za mtumba zinazotoka Ulaya au Dubai, leseni yake imeshalipiwa tangu kiwandani. Zile za zama za Windows 7 zina stika chini ya tumbo, yenye herufi na tarakimu 25 zilizogawiwa mafungu matano. Tangu ilipotoka Windows 8 mwaka 2012, watengenezaji wengi huuandika ufunguo huo ndani ya bodi ya mashine yenyewe, ndiyo maana stika ya namna ile huioni tena. Ikaja Windows 10 na leseni ya kidijitali: Microsoft wanaikumbuka mashine yako kwao. Ukifuta kila kitu na kuweka Windows upya, ikishika intaneti inajitambulisha na kufunguka yenyewe. Ukitoka 10 kwenda 11, leseni ni ile ile. Ukirudi 10, ni ile ile. Hununui kitu.

Sharti ni moja tu: daraja lisibadilike. Kama leseni yako ni ya Home, weka Home. Kama ni ya Pro, weka Pro.

Sasa fundi anafanya nini? Ana flashi yake moja, ndani yake mna Windows Pro au Enterprise iliyokrakiwa, na hiyo hiyo anaipiga kwenye kila mashine inayoingia mlangoni. Laptopu yako ilikuja na Home ya halali. Yeye anakuwekea Pro, anakwambia "hii ndiyo kubwa". Kubwa kwa nani? Pro ina mambo ya kuunganisha mashine na mtandao wa ofisi na kuiendesha ukiwa mbali. Dada anayepokea oda za keki na kuandika hesabu za vitambaa hana kazi nayo. Na kwa kuwa daraja limebadilika, leseni yako uliyolipia inabaki imelala ndani ya bodi, haitumiki. Ni sawa na kuwa na gunia lako la mchele stoo, mtu akakupikia mchele wa kuiba na akakutoza pesa ya upishi.

Na kraki yenyewe ni nini? Mara nyingi inaigiza ule utaratibu uliowekwa kwa taasisi zenye kompyuta nyingi, ambapo mashine hupata idhini kutoka kwenye seva ya ofisi, na idhini hiyo hudumu siku 180 kisha huhuishwa. Kraki inajifanya ndiyo hiyo seva, ndani ya kompyuta yako. Ili iingie, kinga ya virusi huzimwa kwanza. Ndiyo maana fundi anakuonya usiiwashe, na ukiiwasha inapiga kelele. Shoga, mlinzi wa nyumba akipiga kelele, unamfunga mdomo au unatazama nani kaingia?

Kujua hali ya mashine yako hakuhitaji fundi. Fungua Settings, halafu utafute Activation. Pameandikwa kama ni Home, Pro au Enterprise, na kama imefunguliwa kwa leseni ya kidijitali. Kisha bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr, ubonyeze Enter. Ikikwambia imefunguliwa moja kwa moja, vizuri. Ikikupa tarehe ya kuisha, na laptopu si ya ofisini kwenu, basi mwite aliyekupigia akueleze. Laptopu ya chumbani haina sababu ya kuwa Enterprise.

Kuna jengine linalotutisha zaidi, nalo halizungumzwi. Windows 11 inapowekwa upya huomba akaunti ya barua pepe. Fundi mwenye haraka anaweka yake. Siku hizi mashine nyingi hufunga diski kwa siri zenyewe, na ufunguo wa kuifungua, tarakimu 48, huhifadhiwa kwenye akaunti iliyoingia. Akaunti ni ya nani? Ya fundi. Yaani siku mashine ikigoma na kuomba tarakimu hizo, picha za harusi yako zimo ndani ya kabati lako, na ufunguo uko kwa mwanamme usiyemjua. Akaunti iwe yako, yenye simu yako. Na mashine isitoke nyumbani kabla picha hazijahamishiwa kwenye diski ya nje na kufutwa humo ndani. Hata ukimuamini fundi, dukani kwake wanapita wengi.

Tukija kwenye dini, tunajua jawabu linalotolewa barazani: "Hao Microsoft ni matajiri, tena si Waislamu, wana hasara gani?" Hatukufundishwa kwamba mali ya tajiri ni halali yetu, wala kwamba amana ni kwa Muislamu peke yake. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Kuwait Desemba 1988, na katika azimio lake namba 43 likasema kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Zanzibar nayo ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA ipo kwa kazi hiyo.

Wapo wanavyuoni waliotoa nafasi kwa mtu anayenakili kwa matumizi yake mwenyewe bila biashara. Mwenye kutaka kuishika kauli hiyo na amuulize shekhe wake. Lakini asiipeleke pasipo pake. Fundi anachukua pesa kwa kila flashi anayoichomeka, hiyo ni biashara. Na wewe unayeandika ankara za keki, unayetengeneza kadi za mwaliko kwa malipo, unayechora ramani za mapambo ya ukumbi kwenye kompyuta hiyo, ni mfanyabiashara pia. Hapo nafasi ile iko wapi?

Mtasema leseni ni ghali. Ni kweli. Windows 11 Home kwa bei ya Marekani ni dola 139, zaidi ya laki tatu za kwetu, na Pro ni dola 199. Hatumwambii mjane anayeuza vileja atoe laki tatu. Tunamwambia atazame kwanza kama hajailipia tayari. Na zile funguo zinazouzwa mitandaoni kwa dola tano, sita, zijiulizeni zimetoka wapi. Nyingi ni za taasisi zilizogawiwa kwa kazi maalumu, na zikifungiwa hakuna wa kumdai.

Msiyaamini na yale maneno ya "nitatumia ufunguo wa Windows 7 yako". Zawadi ya kupanda bure kutoka 7 na 8 kwenda 10 ilikuwa ya mwaka mmoja, kuanzia 29 Julai 2015. Mlango ukaachwa wazi miaka mingi, kisha Septemba 2023 Microsoft wakatangaza kwamba wameufunga.

Kelele za sasa ni "Kumi imekufa". Haijafa. Msaada wake wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025, na kwa mashine za nyumbani ukawekwa mpango wa kupokea masahihisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Mashine yenye chipu ya ulinzi TPM 2.0, kumbukumbu ya GB 4 na kuendelea, nafasi ya GB 64 na prosesa isiyo ya zamani sana, inapanda kwenda 11 bure, humo humo kwenye masasisho ya Windows. Ukipanda ukaichukia, una siku 10 za kurudi nyuma bila kufuta kitu. Baada ya hapo kurudi ni kuanza upya. Fundi anayeilazimisha 11 kwenye mashine isiyokidhi anakuachia mzigo, kwani Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine hiyo.

Na kama mashine ni kongwe na leseni haina, ipo njia safi: Linux Mint au Ubuntu. Ni bure, na wenyewe wametoa ruhusa unakili, umpe na jirani. Ubuntu ilianza mwaka 2004, na jina lake ni lile lile neno tunaloliita utu. Ndani yake utakuta LibreOffice ya kuandikia barua na hesabu. Si kila programu ya Windows itaingia, na wiki ya mwanzo utanung'unika. Utazoea.

Kwa mabibi harusi, maana siku hizi tunawasikia wakitaja laptopu kwenye mahari, na ni haki yao. Mahari ni yako, hukupewa kwa hisani, basi ipokee kama mali. Kabla hailetwi na sahani za mapambo juu ya meza, mwambie somo yako au kaka yako aende na bwana harusi dukani. Iwashwe pale pale, waunganishe intaneti ya simu, wafungue ukurasa wa Activation na wapige picha ya kilichoandikwa. Muuzaji akisema "hiyo nitaipiga Windows baadae", waende duka la pili.