Muuza muvi wetu apewe leseni

Kwa Msimamizi wa Hakimiliki na Mtendaji Mkuu,
Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Ndugu Msimamizi,

Nakuandikia kutoka Zinga, Bagamoyo, kuhusu vijana wanaotuwekea muvi kwenye flashi huku kwetu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, kunakili na kuuza filamu bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa, na siku yoyote kijana wa namna hiyo anaweza kukamatwa na kompyuta yake ikabebwa. Siombi afumbiwe macho. Naomba apewe leseni.

Sijui kama umewahi kuingia duka la kijana kama huyo. Ni chumba cha mbele cha nyumba, kina kompyuta ya mezani, feni, spika moja na daftari lililochakaa pembe. Majina ya filamu yameandikwa kwa kalamu: za Kihindi kurasa hizi, za Kikorea zile, sizoni za Kifilipino, za kutafsiriwa, na Bongo Muvi zimebanwa kurasa za mwisho. Unachagua, anakuuliza flashi yako ni ya GB ngapi, anapakia, unalipa unakwenda zako. Jioni inachomekwa kwenye televisheni, nyumba nzima inaangalia, na kesho yake jirani anaiazima. Mama aliyeshinda kwenye mwani Mlingotini anaangalia vipande viwili, analala, anamalizia akipata nafasi. Muvi haimkimbii.

Kabla ya flashi tulikuwa na laibrari za video. Tulikodi kanda, baadaye CD na DVD, jina likaandikwa, ukichelewa kurudisha unalipa zaidi. Zilikuwepo za magendo, tena nyingi, lakini ilikuwepo pia njia halali. Steps Entertainment walisambaza diski za Bongo Muvi kutoka Dar es Salaam hadi mikoani, na mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki. Mtu wa Zinga aliyemlilia nyota wa Bongo Muvi Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012 aliweza kwenda dukani akanunua kazi yake halali, akaiweka kabatini.

Leo mtu huyo aende wapi? Deki zimekufa, diski hazina soko, na filamu zetu zimehamia YouTube, kwenye aplikesheni na kwenye chaneli za kulipia. Wasanii wamefuata pesa ilipo, wala siwalaumu. Filamu ya Binti ya Seko Shamte ilipoingia Netflix tulifurahi kama Watanzania. Tulioweza kuiona kwa njia halali ni wachache, kwa sababu huku mlango wa kuingilia kwenye filamu ni bando.

Na bando lina hesabu yake. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya kiwango cha kawaida hula hadi GB 1. Filamu ya saa mbili basi inaweza kula hadi GB 2, kwenye kioo cha simu, kwa mtu mmoja. Mtandao ukisuasua picha inaganda, muda wa kifurushi ukiisha kilichobaki kinapotea, na ukitaka kurudia unanunua upya. Unakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilivyotoka, watu wakapiga kelele nchi nzima hadi serikali ikaagiza zisitishwe. Kelele zile hazikuwa za simu tu. Kwa wengi wetu bando ndilo gazeti, ndilo darasa, ndilo sinema.

Wamarekani nao yaliwakuta, ingawa kwao njia ya zamani iliondolewa polepole. Netflix ilianza mwaka 1998 kwa kutuma DVD kwa posta, ndani ya bahasha zilizokuja kuwa nyekundu. Mwaka 2011 ilipotenganisha diski na intaneti, anayetaka vyote viwili akajikuta analipa dola 15.98 badala ya 9.99, na ndani ya miezi mitatu wateja wapatao 800,000 wakajitoa. Hata hivyo bahasha ziliendelea kutumwa hadi Septemba 29, 2023. Miaka 12 nchi yenye intaneti ya kila namna iliwaachia diski wale waliozihitaji. Sisi hatukuachiwa muda kama huo. Tulijitengenezea njia wenyewe, na njia hiyo ndiyo flashi.

Najua kilio cha wasanii. Aprili 2017 waliandamana Kariakoo wakilalamikia filamu za nje zinazouzwa kiholela. Ukiona vyaelea vimeundwa, na aliyeunda ana haki ya kula jasho lake. Ila kukamata peke yake hakujamlipa msanii hata senti: ukimtoa kijana wa Zinga, wateja watakwenda Kerege au Mapinga. Tena serikali imeshakiri kwamba kunakili kupo, ndiyo maana mwaka 2023 ikaweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia. Kama kifaa kinatozwa, kwa nini anayekitumia asiandikishwe?

Ninachopendekeza ni hiki. Muuza muvi ajisajili kwenu kupitia afisa utamaduni wa wilaya. Apate filamu za Kitanzania zenye ubora kutoka kwa wenye haki, badala ya nakala zilizorekodiwa kwenye televisheni na nembo ya chaneli pembeni. Kila anayopakia ailipie kwa simu kiasi kidogo, na fedha hiyo ipitie kwenye kampuni za kukusanya na kugawa mirabaha ambazo sheria tayari inaziruhusu. Bei iwe ndogo kiasi cha kumfanya aone magendo hayana faida. Filamu za nje ni mjadala mgumu zaidi, wenyewe wako mbali. Za kwetu zinaweza kuanza.

Mkitaka pa kujaribia, Bagamoyo inafaa. TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, iko hapa tangu ikiitwa Chuo cha Sanaa, mwaka 1981, na inafundisha vijana wanaotengeneza filamu ambazo majirani zao hawana pa kuzinunua. Tumeni afisa mmoja, aanzie Bagamoyo mjini aje barabara ya Dar hadi Zinga, aketi na wauza muvi na wanafunzi hao katika kikao kimoja. Wauza muvi watakuja, mradi waitwe kwa barua, wasifuatwe na defenda ya polisi.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Zinga