Waya Mdomoni, Damu Kwenye Mswaki

Hivi umewahi kulikwepa busu la mtu unayempenda? Mimi nimewahi. Miezi mitatu baada ya kufungwa waya za meno, kila nikipiga mswaki natema damu, na harufu ya mdomo naisikia mwenyewe. Mwenzangu akisogea, nageuza shavu. Akaanza kuuliza, "Vipi mama, nimekukosea?" Nikaona aibu kusema.

Kumbe waya zenyewe hazina ubaya. Vile vibati vinavyogandishwa kwenye meno vinanasa mabaki ya chakula, bakteria wanajenga ukoga kando ya fizi, na fizi zinavimba. Wengi wetu tukiona damu tunaacha kupiga mswaki sehemu hiyo. Hapo ndipo tunapoharibu! Damu ni dalili kwamba ukoga umebaki. Usafishe taratibu kila siku, na mara nyingi uvimbe unapungua ndani ya wiki moja au mbili. Ukipuuza, ugonjwa unaweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino, na mfupa ukishaliwa haurudi wenyewe.

Na zile plastiki angavu za kuvaa na kuvua je? Kwa fizi zina nafuu, maana unazivua wakati wa kula na kupiga mswaki. Ila zinatakiwa kuvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku, na ukizirudisha juu ya meno machafu umeufungia uchafu ndani. Tena si kila meno yaliyopangana vibaya yananyooshwa nazo. Waya za upande wa ulimi hazionekani, lakini kuzisafisha ni kazi kwelikweli.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kupendeza kwenye picha za harusi, usiangalie urembo peke yake. Jiulize kama usiku, hata ukiwa hoi na kazi, utasimama mbele ya kioo na mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi na kibrashi cha kupitisha chini ya waya. Na kama fizi zinatoka damu tayari, zitibiwe kwanza kabla ya kufungwa chochote.

Mimi mwishowe nilimwambia ukweli. Alicheka, kesho yake akaniletea pakiti ya vibrashi. Shavu sigeuzi tena!