Kijana anapopenda muziki wa ‘makelele’, mzazi afanye nini?

Katika nyumba nyingi za bonde la Mto Mbwemkuru, upande wa Nachingwea na upande wa Ruangwa, simu ya kijana hununuliwa baada ya korosho au ufuta kuuzwa. Mzazi anategemea kusikia singeli, bongo fleva au kaswida ikitoka chumbani. Siku moja anasikia kitu kingine kabisa: magitaa yanayonguruma, ngoma zinazokimbia kama mvua ya mawe, na mtu anayeimba kama anayekoroma. Anabaki kujiuliza mtoto huyu ameingiliwa na nini.

Wengi hukimbilia kunyang’anya simu na kusema huo ni muziki wa shetani. Simu ikichukuliwa Jumatatu, Jumatano kijana anasikiliza kwenye simu ya mwenzake. Tofauti ni kwamba sasa hasemi tena nyumbani anasikiliza nini, na mzazi amepoteza njia ya kujua.

Muziki huo ni roki nzito, maarufu kwa jina la metali. Watu wengi duniani waliuona kwenye televisheni Julai 26, 2024, katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki jijini Paris. Kundi la Kifaransa liitwalo Gojira lilipiga likiwa kwenye jengo la kale la Conciergerie, pamoja na mwimbaji wa opera Marina Viotti. Mwaka 2025 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy. Lakini mzazi anayetaka kuelewa kijana anapata nini humo atafaidika zaidi akirudi nyuma hadi mwaka 2003, kundi hilo lilipotoa albamu yake ya pili, The Link, jina lenye maana ya kiungo.

Gojira ni ndugu wawili na marafiki wawili. Joe Duplantier anaimba na kupiga gitaa. Mdogo wake Mario anapiga ngoma. Baba yao ni mchoraji Mfaransa na mama yao alikuwa Mmarekani. Walikulia Ondres, mji mdogo kusini magharibi mwa Ufaransa, mbali na Paris. Kundi lilipoanza mwaka 1996, Mario alikuwa na miaka kama 15, umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Albamu ya pili ilipotoka, vijana hao walikuwa wamepiga pamoja kwa miaka saba na bado hawakuwa na jina kubwa duniani.

Anayekaa na The Link hadi mwisho atakutana na mambo ambayo hakuyategemea. Zipo nyimbo zisizo na neno hata moja, ukiwemo ule mrefu wa kufungia, uitwao Dawn, yaani alfajiri. Mwingine jina lake linasema hekima huja. Kinachozungumzwa ni uhusiano wa mwanadamu na dunia inayomzunguka, na mtu kujitazama ndani yake mwenyewe. Njia hiyo waliiendeleza. Mwaka 2021 walitumia wimbo wao kuhusu msitu wa Amazon kuchangisha fedha za kuwasaidia wenyeji wa msitu huo, zikapatikana zaidi ya dola 300,000. Albamu yao ya mwaka 2016, Magma, ilibeba msiba wa mama wa ndugu hao wawili. Mtu aliyepita nje ya dirisha akasikia mngurumo tu, hakujua kwamba ni watoto wanaomlilia mama yao.

Wazazi wa Nachingwea na Ruangwa wana sababu ya kulielewa hili upesi. Mgeni anayepita usiku karibu na ngoma ya jando au unyago husikia kelele. Aliyepitia humo anajua kuna mafunzo, na kwamba ngoma ile ina maana kwa wenyewe.

Wala muziki huu hauko Ulaya tu. Nairobi lilitokea kundi la Duma, la vijana wawili, ambalo albamu yake ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwa Kiswahili jina hilo ni la mnyama. Kwa Kikuyu maana yake ni giza.

Haya yote hayamaanishi kwamba kila wimbo wa metali unamfaa mtoto. Yapo makundi yanayoimba damu, mauaji na kuikejeli dini, na mzazi ana haki ya kusema hapana. Ila hapana yenye nguvu ni ile inayotaja wimbo na sababu. Maneno ya nyimbo nyingi yanapatikana mtandaoni, na kijana aliyesoma Kiingereza anaweza kuombwa amfafanulie mzazi wake. Akisita kufafanua wimbo fulani, hapo pana jambo la kuongea.

Hatari nyingine iko masikioni, na hii haichagui aina ya muziki. Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza kwa sauti kubwa. Kiwango linachoshauri kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki; sauti ikifika desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa nne tu. Kwa matumizi ya nyumbani, sauti ya simu isizidi asilimia 60. Kijana anayelalamika masikio yanalia ngiii baada ya kusikiliza tayari amezidisha.

Zaidi ya yote, mzazi amwangalie mtoto kuliko anavyoiangalia simu. Anayesikiliza metali huku anakula, analala, anakwenda shule na anacheka na wenzake, amepata burudani yake tu. Aliyeacha kula, anayejitenga na marafiki, ambaye masomo yameshuka ghafla au anayezungumzia kufa, anahitaji msaada hata kama anasikiliza kaswida. Huyo asigombezwe. Aongeleshwe kwa upole, na apelekwe kwa mwalimu wa ushauri au kituo cha afya mapema.

Pa kuanzia ni padogo. Jioni moja mzazi amwombe kijana achague wimbo mmoja anaoupenda, wausikilize wote bila iyafoni. Kisha amuulize mambo matatu: anaimba nini, nani aliyeimba, na wewe unaupendea nini. Si lazima mzazi aupende. Kijana aliyeulizwa kuhusu muziki akajibu bila woga, siku akipata jambo zito atajua pa kulipeleka.