Madaktari wapo, ajira hakuna

Machi 2017, baada ya mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, Tanzania ilikubali kuipatia nchi hiyo madaktari 500. Mahakama ya Kenya ikasimamisha mpango huo. Mwezi uliofuata, Rais John Magufuli aliagiza 258 walioomba kazi hiyo waajiriwe nyumbani.

Madaktari hao walikuwa wamehitimu na wanasubiri ajira, huku vituo vingi vya afya vijijini vikiwa havina daktari. Upungufu, basi, hauanzii chuoni pekee. Unaanzia pia kwenye bajeti ya mishahara.

Kwa madaktari wa familia hali ni ngumu zaidi. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianza kuwafundisha mwaka 2005, lakini vijana wengi huvutiwa na ubingwa wenye kipato kikubwa mijini.

Anayeumia ni mfanyabiashara wa Namanga mwenye presha: leo anapimwa Arusha, kesho Nairobi, kila mara na mtu asiyejua historia yake.

Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, liliahidi wafanyakazi kuvuka mipaka. Bila mishahara, daktari atavuka tu na kuacha pengo alikotoka.