"Wantam" si jina la mgombea

Ebu fungua simu yako sasa hivi usome maoni chini ya video yoyote ya siasa. "Wantam" kila mahali. Hata mimi nimeiandika mara kadhaa nikacheka. Lakini msee, hilo neno linatuambia nani aende nyumbani. Halisemi nani aingie. Na jibu la swali hilo la pili halitangoja Agosti 2027. Litatoka mapema, kwenye mkutano ambao mimi na wewe hatujaalikwa.

Upande wa upinzani majina unayajua: Kalonzo Musyoka, Rigathi Gachagua, Martha Karua, Fred Matiang'i, Eugene Wamalwa. Wametuambia mara nyingi kwamba mwisho watabaki na mgombea mmoja. Sawa. Atapatikana vipi? Hapo ndipo stori inaingia ukungu.

Oktoba 14, 2002, Raila Odinga alisimama Uhuru Park akasema "Kibaki tosha", na hivyo ndivyo mgombea alivyopatikana. Mwaka wa 2007 ODM angalau ilipiga kura. Septemba 1 pale Kasarani, wajumbe walimpa Raila kura 2,656, Musalia Mudavadi 391 na William Ruto 368. Siku hizi wajumbe wanaitwa kuidhinisha mtu ambaye picha yake tayari iko kwenye fulana walizovaa. Mwaka wa 2022 Azimio iliunda jopo la kuwahoji waliotaka kuwa mgombea mwenza. Yaani mwenza anahojiwa, mwenye tiketi hahojiwi na mtu!

Kwa hivyo amua sasa. Tiketi ikishapeanwa hutaulizwa unataka nani. Utaambiwa mpigie huyu, ama yule usiyemtaka arudi.

Usianze na manifesto. Hiyo huandikwa na washauri. Hawa watano wote wamewahi kuwa serikalini. Uliza walifanya nini walipokuwa na gari, walinzi na mshahara, halafu mambo yakaharibika.

Matiang'i alikuwa waziri wa usalama wa ndani mapema 2018, vituo vya televisheni vilipozimwa kwa sababu ya "kuapishwa" kwa Raila. Mahakama iliagiza viwashwe, na bado vikakaa siku kadhaa bila kurudi hewani. Wewe unayeshinda mtandaoni, hilo halikuhusu? Gachagua alikuwa naibu wa rais vijana wenzetu walipopigwa risasi Juni 25, 2024. Kesho yake akamlaumu mkuu wa ujasusi. Kabla ya hapo alikuwa akituambia serikali ni kama kampuni yenye hisa, na asiyewekeza asitarajie faida. Leo anaongea lugha yetu. Amebadilika, ama amefukuzwa tu? Kalonzo naye, akiwa makamu wa rais, mwaka wa 2011 alizunguka nchi za nje akitafuta kesi za ICC ziahirishwe, kesi zilizohusu watu waliouawa na kufurushwa makwao baada ya uchaguzi wa 2007. Wamalwa amekuwa waziri chini ya Kibaki na chini ya Uhuru, na mpaka leo sijapata jambo moja la kumkumbuka nalo.

Karua aliacha uwaziri wa haki Aprili 2009, hakufukuzwa, baada ya Kibaki kuteua majaji bila kumhusisha. Usisahau pia kwamba ni yeye aliyekuwa akiitetea serikali hiyo hiyo kwa ukali kwenye mazungumzo ya amani ya 2008. Lakini kwa kipimo changu anaanza akiwa mbele, kwa sababu aliwahi kuacha kiti kwa hiari. Chako kinaweza kutoa jina lingine, na tubishane.

Najua utakachosema: "Huyo hana kura." Hiyo ndiyo hesabu ya vinara, kila mtu na kapu la kura za kwao. Basi tuhesabu na letu. Mwaka wa 2022 vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa karibu asilimia 40 ya waliosajiliwa kupiga kura. Hakuna ngome ya kabila inayofika hapo. Shida ni kwamba hakuna kinara anayeamini tutapiga kura pamoja, na kusema kweli bado hatujampa sababu ya kuamini.

Chama ni cha wanachama, kwa hivyo ingia eCitizen uangalie kama una chama. Mwaka wa 2021 wengi walijikuta wamesajiliwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kuomba. Ukijikuta umo na hukutaka, jitoe. Ukitaka kuwa na sauti, jiunge, kisha umtafute mjumbe wa wadi yako. Wa kwetu nilimpata, anauza mabati na misumari karibu na steji. Nilimuuliza atamuunga mkono nani. Akacheka, akasema mimi ndiye wa kwanza kumuuliza.