Kira Aliamini Kila Alichoonyeshwa

Nimechoka kuambiwa kwamba Light Yagami alishindwa kwa bahati mbaya. Juzi tena, kwenye kahawa, jamaa yangu mmoja (msomi kabisa, ana shahada na tai shingoni) alinikazia macho akasema Kira hakuwa na udhaifu wowote, na kwamba kama si yule Mikami kuharibu mambo, dunia ingekuwa safi leo. Meza nzima ikamuunga mkono. Nilipobisha nikazomewa. Basi naomba nimalizie ubishi wangu hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza. Kama hujaitazama hadi mwisho, ishia hapa, maana nitakuharibia utamu.

Kwa wasioijua, Death Note ni hadithi ya Tsugumi Ohba, michoro ya Takeshi Obata. Ilichapishwa Japani kwa mfululizo kati ya 2003 na 2006, kisha studio ya Madhouse ikaifanya anime ya sehemu 37. Mwanafunzi mwenye akili kupindukia anaokota daftari lililodondoshwa na Ryuk, mungu wa mauti. Ukiandika humo jina la mtu huku sura yake ikiwa akilini mwako, mtu huyo anakufa. Usipotaja sababu, moyo wake unasimama ndani ya sekunde 40. Light anaanza kumaliza wahalifu, watu wanampa jina la Kira, na kwa kuwa hagusi mtu wala hashiki bunduki, wengi wanamwona hashikiki.

Sasa mimi nafanya kazi ya habari, na nilipoitazama mara ya pili swali moja lilinikera mpaka nikasimamisha picha. Hivi majina anayatoa wapi?

Kwenye televisheni! Mtu wake wa kwanza alimwona kwenye taarifa ya moja kwa moja, jamaa aliyeshika watoto mateka katika shule ya chekechea, jina na picha vikiwa kwenye kioo. Waliofuata ni wa magazeti, televisheni na mtandao, na baadaye mafaili ya polisi aliyoyachungulia kupitia kompyuta ya baba yake. Yaani nguvu zote za huyu anayetaka kuwa mungu zinategemea mhariri wa zamu ya usiku ambaye hajalala na anataka kuwahi mtamboni. Ninawajua wahariri hao. Nawapenda, ila nisingemkabidhi hata mmoja wao roho ya kuku.

L aliliona hilo mapema kuliko mashabiki. Katika sehemu ya pili anamweka mtu mbele ya kamera, anamwita Lind L. Tailor, anamfanya ajitambulishe kuwa ndiye L na kumwambia Kira kwamba ni mwovu. Light anapandwa na hasira, anaandika jina, mtu anaanguka. Halafu inasikika sauti ya L mwenyewe. Kumbe aliyekufa alikuwa mfungwa aliyepangiwa kunyongwa siku hiyohiyo, ambaye kukamatwa kwake hakukuwahi kutangazwa. Na matangazo yaliyosemwa ni ya dunia nzima yalikuwa yanaonekana eneo la Kanto peke yake. Kwa kipindi kimoja cha uongo L akajua Kira yuko wapi, na kwamba anahitaji jina na sura. Angalia pia huyu mtenda haki alichofanya: aliyedhani anamuua alikuwa mpelelezi asiye na kosa lolote, na hakusita hata kidogo.

Sehemu chache mbele, Naomi Misora anamtajia jina la bandia. Light analiandika, anasubiri, hakuna kitu. Mashabiki wanaipenda sehemu hii kwa jinsi anavyomlaghai dada wa watu mpaka anapata jina la kweli. Mimi naona kitu kingine. Daftari linahakiki jina. Jina likikosewa, halifanyi kazi. Kosa je? Hilo halihakikiwi na mtu. Ukiandika kwa usahihi jina la mtu ambaye hakufanya lolote, moyo wake utasimama kwa sekunde zilezile 40, na Light hatajua kamwe.

Tena tusijifanye hili ni la kufikirika. Nchi hiyohiyo ya Japani, mwaka 1966, bondia wa zamani Iwao Hakamada alikamatwa Shizuoka kwa mauaji ya watu wanne wa familia moja. Alikiri baada ya siku nyingi za kuhojiwa, na magazeti ya wakati ule yakamwandika kama muuaji aliyepatikana. Mwaka 1968 akahukumiwa kifo. Alitoka gerezani 2014, na Septemba 2024, akiwa na miaka 88, mahakama ikamwona hana hatia na kusema ushahidi ulitengenezwa na wapelelezi wenyewe. Picha ilikuwepo, jina liliandikwa sawasawa. Kira angemmaliza kabla chai haijapoa.

Nami nisiwe mnafiki. Mwezi wangu wa pili kazini niliandika jina la kijana mmoja kwenye habari ya ujambazi, na neno "mtuhumiwa" likaachwa ili kichwa cha habari kitoshe kwenye safu. Baada ya wiki kadhaa aliachiwa. Mama yake alikuja mapokezi na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulimwona akiiba?" Masahihisho tuliahidi. Hayakutoka.

Huko mwishoni, ghalani, Light anahesabu sekunde na kutangaza ushindi kabla hajaona maiti hata moja. Hakuna anayekufa, kwa sababu daftari la Mikami lilikuwa la kughushi. Toka Lind L. Tailor hadi siku ile hakuwa amejifunza kuhakiki chochote, halafu mnaniambia bahati mbaya!

Haya yote nilimweleza jamaa yangu wa kahawa. Nikamalizia kwa kumuuliza, wewe ukilipata daftari lile kesho, majina utayatoa wapi?

"Si kwenye gazeti lenu?" akasema, na meza nzima ikacheka.